Kisima cha kanisa kijijini Dodoma: panga kwanza siku pampu itakapoharibika

Kisima chetu cha kwanza, kule Chamwino, tulikizindua kwa kwaya mbili, pilau, na bango la bati lenye majina ya waliochanga. Mwaka mmoja na nusu baadaye nikapita tena kijijini hapo, mwezi wa Oktoba. Bango lilikuwa bado linang'aa. Mpini wa pampu ulikuwa umefungwa kamba ya katani ili watoto wasiuchezee, na chini kwenye korongo, si mbali na pale, kina mama walikuwa wamezunguka shimo la mchanga lenye kina cha mtu mzima. Mmoja alikuwa ndani ya shimo anachota kwa kopo la maziwa. Anachota, anasubiri maji yachuruzike, anachota tena. Dumu moja lilichukua karibu nusu saa kujaa. Nikamuuliza mama aliyekuwa juu mbona hawakutuarifu. Akanijibu kwa upole kabisa: "Baba, lile bomba ni lenu wa kanisani. Sisi tulikuwa tunasaidiwa tu."

Kesho yake tukaing'oa pampu tukiwa na fundi. Kilichokuwa kimekufa ni raba ya pistoni, kiringi cheusi kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, kimelika upande mmoja. Raba hiyo haikuuzwa kijijini wala kata nzima, na hakuna aliyejua inaitwaje.

Tangu hapo, kila kisima nakipanga kwa kuanzia na siku pampu itakapoharibika. Nani ataona kwanza, na atamwambia nani? Pesa itatoka mfuko gani? Nani atashika spana? Kipuri kitanunuliwa duka gani? Haya nayaandika kwa kamati za maendeleo za sharika na parokia za Dodoma, na kwa ndugu wanaotuchangia kutoka mbali, kwa sababu maswali hayo manne yana majibu yake ndani ya kila hatua, kuanzia kikao cha kwanza.

Hatua ya 1: Kaa na kijiji kabla hujakaa na mfadhili

Omba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji kupitia kwa mtendaji na mwenyekiti. Ibada si mahali pa kuamua kisima, hata kama karibu kijiji chote mnasali pamoja. Kisima kikiamuliwa kanisani kitabaki kuwa cha kanisa, na mama yule wa Chamwino alishatuonyesha matokeo yake. Hakikisha uamuzi unaandikwa kwenye muhtasari wa kijiji, na waliohudhuria wameweka saini. Bakiza nakala yako.

Chagua msimu. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Ukiitisha kikao Januari watu wako shambani na makorongo yana maji, kila mmoja atakuambia kisima kipo, ni hicho hapo. Kaa nao Septemba au Oktoba. Ndipo utakapojua korongo gani hukauka kwanza, na nani huamka saa tisa usiku.

Kabla ya mkutano, fuatana na kina mama alfajiri moja. Beba dumu lako mwenyewe la lita 20, nenda nalo, rudi nalo. Njiani utasikia mambo ambayo hayasemwi mbele ya wazee: maji ya bwawa yanaharisha watoto, kisima fulani kiko kwenye njia ya walevi, pampu ya shule ina mpini mzito mno kwa mwenye mimba. Kwenye mkutano kina mama hukaa pembeni na wengi hunyamaza, kwa hiyo omba nusu saa nao peke yao.

Uliza pia kuhusu visima vilivyokufa. Ni vijiji vichache Ugogo ambavyo hakuna aliyewahi kuchimba: serikali, misheni, mradi fulani wa zamani. Tembelea kila kimoja na fundi. Mara nyingi shimo lenyewe ni zima na kilichooza ni mabomba ya juu, na kukifufua ni nafuu sana kuliko kuchimba kipya. Isaka wa kwenye Biblia alifanya hivyo hivyo, alianza na visima vya baba yake vilivyokuwa vimefukiwa, na alipochimba vipya viwili akagombewa, akasogea hadi akapata cha tatu kisicho na ugomvi. Huku kwetu ugomvi huwa wa ng'ombe. Uliza mapema mifugo inanyweshwa wapi.

Jambo moja nalisema kwa Wakristo wenzangu moja kwa moja. Kondoa na Chemba majirani zetu wengi ni Waislamu, na sehemu nyingine wapo wanaoshika mila za wazee wao. Maji hayana sharti la ibada. Usiweke kisima ndani ya uzio wa kanisa, na usiweke zamu ya kuchota inayoanza na waumini. Kanisa liko Ugogo tangu wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walipofika Mpwapwa miaka ya 1870, na litakuwepo baada ya magari ya miradi kuondoka. Faida yetu ni huko kubaki. Mwinjilisti wa mtaa analala kijijini, anajua nani amefiwa na nani hana kitu. Hiyo inatosha kuwa ushuhuda.

Hatua ya 2: Ofisi mbili na kipande kimoja cha ardhi

Ofisi ya kwanza ni RUWASA ya wilaya, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019. Meneja wa wilaya atakuambia kama kijiji hicho kiko kwenye mpango wa mradi wa bomba mwaka huu au ujao, na ukijua hilo huenda ukahamishia pesa yako kijiji kingine. Pia atakueleza chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho kila mtu hukiita CBWSO. Kisheria huduma ya maji ya kijiji husimamiwa na chombo hicho. Kamati ya maji ya kanisa inayojitegemea kando yake italeta mvutano siku ya kwanza pesa zikikusanywa. Kama CBWSO ipo, ingieni ndani yake. Kama haipo, RUWASA itasaidia kuiunda na kuisajili.

Ofisi ya pili ni bodi ya maji ya bonde, kwa ajili ya vibali vya kuchimba na kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Mkoa wa Dodoma umegawanyika, na watu wengi hupoteza wiki nzima kwa kwenda siko. Upande wa Bahi uko Bonde la Kati, makao yake Singida. Sehemu kubwa ya Kongwa na Mpwapwa humwaga maji Wami/Ruvu, makao yake Morogoro. Maeneo ya kusini yanaangukia Rufiji, Iringa. Muulize meneja wa RUWASA kijiji chako kiko wapi kabla hujapanda basi.

Usiende peke yako na mhandisi. Mwaka 1991 shirika la maji la WaterAid liliungana hapa Dodoma na idara za Maji, Maendeleo ya Jamii na Afya, wakatembea vijijini kama timu moja iliyoitwa WAMMA. Utaratibu huo naufuata hadi leo kwa kadiri ninavyoweza: fundi wa maji, afisa maendeleo na mhudumu wa afya kwenye gari moja. Kila mmoja huona kitu ambacho wenzake wamekipita.

Ardhi ya kisima iandikwe. Kama ni eneo la familia, mume na mke wote wasaini, na watoto wakubwa wajue. Nimeona kisima kizuri kikifungiwa geti na mtoto wa marehemu aliyesema baba yake aliazimisha tu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya maji

Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja cha kuchotea kisizidi watu 250. Chukua namba hizo uzifanyie kazi.

Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250 kwa siku. Pampu ya mkono ikipigwa bila kupumzika hutoa kati ya lita 700 na 1,000 kwa saa, kulingana na kina. Hiyo ni saa 6 hadi 9 za mpini kupanda na kushuka kila siku ya Mungu. Inawezekana, lakini hakuna nafasi ya kitongoji cha pili. Kijiji cha watu 2,000 kinahitaji lita 50,000, yaani pampu za mkono nane, au kisima kimoja chenye maji mengi kinachovutwa na sola kwenda kwenye tenki na kugawanywa kwa vituo. Jua la Dodoma ukilihesabu kwa saa 6 za nguvu, kisima hicho lazima kitoe zaidi ya lita 8,000 kwa saa. Visima vya kiwango hicho kwenye miamba yetu vipo, lakini usiahidi kabla ya kupima.

Sasa ongeza mifugo. Ng'ombe mmoja wakati wa kiangazi hunywa kama lita 30. Kundi la ng'ombe 200 linakunywa lita 6,000, karibu sawa na watu wote wa kituo kimoja. Kama kijiji kina mifugo na hesabu yako haina mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, wafugaji watakuja usiku, na wana haki ya kuja maana ng'ombe wana kiu. Jenga mbauti tangu mwanzo, mita kadhaa kutoka kisimani na upande wa mteremko, lijazwe kwa bomba lake.

Hatua ya 4: Mpimaji

Chini ya sehemu kubwa ya Dodoma kuna mwamba mgumu wa matale (graniti) na jamii zake. Mwamba huo mzima hauna maji, maji yanakaa kwenye nyufa na kwenye tabaka lililooza juu yake. Ndiyo maana kisima cha jirani kinajaa na chako, mita 50 tu pembeni, kinatoa vumbi. Mpimaji wa maji chini ya ardhi atapitisha vyombo vyake kwenye mistari kadhaa, atakupa maeneo matatu kwa mpangilio wa matumaini, na kina anachokadiria. Mwambie akupe taarifa ya maandishi. Mlipe vizuri. Pesa ya upimaji ni ndogo ukiilinganisha na shimo moja kavu.

Wazee wataonyesha mibuyu, mikuyu, vichuguu na mahali umande unapokaa. Wasikilize, mpimaji aanzie mistari yake hapo. Kijiji kikiona mtaalamu anaheshimu ujuzi wa wazee, hata shimo likikauka hakutakuwa na maneno.

Eneo litakalochaguliwa liwe angalau mita 30 kutoka choo, na ukiweza 50, tena choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Vivyo hivyo zizi na makaburi.

Hatua ya 5: Mkataba na siku ya mtambo

Kuna mikataba inayosema bila maji hakuna malipo. Mfadhili huipenda. Mimi siipendi. Mchimbaji hujilinda kwa kupandisha bei, au hutafuta maji kidogo tu yatakayomwezesha kulipwa, akaondoka na kisima kitakachokauka Septemba. Afadhali malipo kwa mita, kwa bei iliyo wazi ya kuchimba, ya mabomba ya kisima, ya changarawe na ya kupima uwezo, na bajeti yenye shimo moja la akiba. Mwambie mfadhili mapema kwamba shimo kavu ni sehemu ya kazi. Mwenye kuelewa hilo atakaa nawe miaka mingi. Hakikisha pia mchimbaji ana leseni ya Wizara ya Maji.

Mtambo usiitwe masika. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa, lori halitoki. Mwisho wa kiangazi ndio wakati, barabara ni kavu na maji chini yako kwenye kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo unachopima ndicho utakachokuwa nacho mwaka mzima.

Siku hiyo weka vijana wawili wa kijiji wanaojua kuandika. Wa kwanza ahesabu vyuma vya kuchimbia vinavyoingia shimoni. Kila chuma kina urefu mmoja unaojulikana, kwa hiyo idadi ya vyuma ndiyo kina cha shimo, na bili ya mchimbaji ilingane na daftari la kijana. Wa pili apange udongo unaotoka, fungu dogo kwa kila mita, kwa mstari juu ya turubai. Utauona rangi ukibadilika, mwekundu, kahawia, kijivu, kisha vipande vyenye kutu. Hapo ndipo fundi husogea karibu, maana kutu ni dalili ya ufa ambao maji yamewahi kupita.

Baada ya kuchimba ndipo kazi yenye kuamua uhai wa kisima inapofanyika, na ndipo watu wengi wanapokuwa wameenda kula. Mabomba yenye matundu yakae mbele ya tabaka lenye maji. Changarawe laini iliyooshwa ijaze nafasi pembeni. Mita chache za juu zizibwe kwa saruji ili maji machafu ya juu yasishuke kandokando ya bomba. Kisha kisima kisafishwe kwa hewa hadi maji yatoke meupe, na kipimwe uwezo: kwa pampu ya sola, saa 24 mfululizo, na baadaye kupima kinachukua muda gani kurudi kwenye kiwango chake. Usikubali kipimo cha saa mbili. Taarifa ya uchimbaji itoke nakala nne: kijiji, RUWASA, bonde, na kabati lako.

Hatua ya 6: Maji yenyewe yanasemaje

Karne ya 19 misafara iliyopita kati ya Mpwapwa na Ugogo ilivuka nyika iliyoitwa Marenga Mkali. Malenga kwa Kigogo ni maji, na jina linajieleza lenyewe. Chumvi ya ardhi yetu ni ya zamani kuliko mradi wowote, na nimeona kisima chenye maji mengi, meupe, kikiachwa katika miezi miwili kwa sababu chai haikunyweka na maharage hayakuiva. Kwa hiyo kabla ya pampu kununuliwa, maji yaende maabara ya maji.

Uliza mambo manne. La kwanza ni vijidudu vya kinyesi: kisiwepo hata kimoja katika mililita 100. La pili ni floridi, ambayo katika ukanda wetu wa kati na jirani zetu wa Singida hujitokeza sehemu nyingi. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, na ikizidi sana kwa miaka mingi meno ya watoto hubadilika rangi na mifupa huumia. La tatu ni naitreti, ambayo hutoka kwenye vyoo na mazizi na ni hatari kwa watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50. La nne ni chumvi.

Klorini huua vijidudu. Haigusi floridi, naitreti wala chumvi. Kuchemsha pia hakuondoi hivyo vitatu, kunaviongeza, kwa sababu maji yanapungua na vyenyewe vinabaki sufuriani. Nimemsikia mtu wa heshima akiwaambia kina mama wachemshe maji ya floridi. Majibu ya maabara yakiwa mabaya, simama. Kisima hicho kinaweza kuwa cha mifugo na kufulia, na kijiji kiambiwe hivyo kwa sauti, kwenye mkutano, na kiandikwe kwenye ubao.

Hatua ya 7: Pampu na sakafu

Chagua pampu kwa kuanzia dukani. Nenda mjini, uliza ni pampu ipi ambayo raba zake ziko kwenye rafu leo. Kwa kina kisichozidi mita 45 mimi hupendelea Afridev, kwa sababu kina mama wawili wenye spana moja wanaweza kutoa fimbo za ndani na pistoni bila kung'oa bomba lote. India Mark II ni imara na imezoeleka, lakini ya kawaida ukitaka kubadili raba lazima uinue mabomba ya chuma moja baada ya jingine, na hapo unahitaji watu kadhaa na vifaa vyao. Maji yakiwa na ukali unaokula chuma, mabomba ya chuma yatatoboka na maji yatatoka mekundu, kwa hiyo majibu ya maabara yaamue hili pia.

Sola ni nzuri pale kisima kinapoweza na kijiji kinapoweza. Paneli ziwe juu, zimefungwa kwa nati zilizochomelewa, na mlinzi awe anayeishi hapo hapo. Tenki likiwa juu ya mnara lisiwe dogo mno: siku ya mawingu ipo hata Dodoma.

Sakafu ya zege ni kinga ya kisima, usiifanyie ubahili. Imwagwe kwa mteremko, iwe na ukingo, na mfereji wa mita kadhaa unaopeleka maji yaliyomwagika kwenye bustani ya mchicha au migomba. Acha zege likauke siku 7 likimwagiwa maji kila siku kabla mtu hajalikanyaga. Zungushia minyaa. Ng'ombe hawaili, inaota bila kubembelezwa, na haina bei.

Kisha safisha kisima kwa klorini. Bomba la inchi 5 hubeba kama lita 12 za maji kwa kila mita, kwa hiyo kisima chenye mita 40 za maji kina lita 480 hivi. Kwa kiwango cha miligramu 50 kwa lita, unahitaji gramu 40 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65. Ukoroge kwanza kwenye ndoo, umimine, upige pampu hadi harufu itoke mdomoni mwa bomba, ufunge usiku kucha. Kesho yake piga pampu hadi harufu iishe, na maji hayo yasiende bustanini.

Hatua ya 8: Pesa, funguo na daftari

Hapa ndipo kisima huishi au kufa, na hapa ndipo sisi watu wa kanisa hukosea kwa huruma. Tunasema maji ni zawadi ya Mungu, kwa hiyo yasilipiwe. Maji ni zawadi. Raba inauzwa dukani.

Chukua kituo cha kaya 60. Kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, ni shilingi 60,000, na kwa mwaka 720,000. Linganisha na bei ya raba, bushi, nauli na posho ya fundi kwa mwaka, bei ulizouliza mwenyewe dukani, kisha ongeza akiba ya kubadili fimbo au mabomba baada ya miaka. Bei ya mwisho ikubaliwe na CBWSO na RUWASA, usitangaze yako madhabahuni.

Namna ya kukusanya ifuate maisha ya watu. Februari hakuna mwenye pesa Ugogo, ghala limeisha na mtama bado haujaiva. Baada ya mavuno, alizeti na karanga zikishauzwa, kaya nyingi zinaweza kulipa nusu mwaka kwa mkupuo. Vijiji vingine hupenda kulipa kwa dumu. Waache wachague, mradi risiti itolewe.

Wasioweza kabisa wapo: bibi anayelea wajukuu, mlemavu anayeishi peke yake. Kijiji kiwataje na kukubaliana, na hapa mfuko wa diakonia, ule wa kanisa wa kusaidia wenye shida, una kazi halisi. Lipia kaya hizo kimyakimya kwenye akaunti ya maji, kwa jina la kaya, ili wasimame foleni kama wengine na daftari lisomeke limejaa.

Mweka hazina awe mama anayechota hapo. Sina shaka na hili hata kidogo: pampu ikifa, yeye ndiye atakayerudi korongoni alfajiri, na hilo linamfanya alinde pesa kuliko ofisi yoyote. Akaunti iwe na saini tatu. Mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano kila robo mwaka na karatasi ibandikwe ofisi ya kijiji. Mchungaji asiwe mwenyekiti wala asishike ufunguo. Akiwa mwenyekiti, hakuna mzee wa kanisa atakayethubutu kumuuliza risiti.

Fundisha mafundi wanne, wawili wanawake. Kijana mmoja akijifunza peke yake atahamia mjini na spana yake.

Hatua ya 9: Siku ya kukabidhi, na Oktoba inayofuata

Siku hizi hatukati utepe. Baada ya sala, mafundi wa kijiji wanaing'oa pampu mbele ya wote, wanatandika vipande kwenye kanga, wanataja jina la kila kimoja, raba ya pistoni, vali ya chini, bushi, kisha wanairudisha na kupiga hadi maji yatoke. Watoto hukariri majina hayo haraka kuliko wazee. Bango bado lipo, ila lina maneno mengine: kina cha kisima, aina ya pampu, tarehe ya kuchimbwa, mahali raba zinapouzwa, na namba ya simu ya fundi wa kijiji. Majina ya waliochanga yanabaki kwenye barua tunayowaandikia, pamoja na nakala ya majibu ya maabara na picha ambazo wenye sura zao wamezikubali.

Mkabidhi mweka hazina kisanduku chenye raba za miaka miwili na spana, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, aandikishwe.

Halafu panga safari ya Oktoba inayofuata, bila kutoa taarifa. Beba dumu tupu na usimame foleni kama mtu mwingine. Hesabu dakika. Onja maji. Angalia ukingo wa sakafu kama umepasuka na mfereji kama umeziba. Kisha muombe mama mweka hazina daftari, na ufungue ukurasa wa mwezi uliopita. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, kwenye kijiji kimoja cha Bahi, kulikuwa na mstari wa wino wa bluu: raba ya pistoni 1, nauli kwenda na kurudi, fundi amelipwa, pampu ilisimama siku moja. Hakuna aliyekuwa ametupigia simu.